Barua ya afisa masuuli: fedha za Uingereza, Rwanda na mashua

Aprili 2022, Boris Johnson, wakati huo Waziri Mkuu wa Uingereza, alisimama kwenye uwanja wa ndege wa Lydd, Kent, akatangaza kwamba watakaoingia nchini mwake kwa mashua bila kibali wanaweza kupelekwa Rwanda, na maombi yao ya hifadhi yatasikilizwa huko huko. Waziri wake wa Mambo ya Ndani, Priti Patel, alikuwa Kigali akitia saini makubaliano. Siku hizo hizo, mbali na kamera, katibu mkuu wa wizara hiyo, Matthew Rycroft, alimwandikia waziri barua. Kwa sisi tunaofuatilia matumizi ya fedha za umma, barua hiyo ina uzito kuliko hotuba ile na saini ile.

Nieleze kwa nini. Uingereza, kama ilivyo hapa Tanzania, katibu mkuu wa wizara ndiye afisa masuuli. Anajibu mwenyewe mbele ya Bunge jinsi fedha zilivyotumika. Asiporidhika kwamba matumizi yatakuwa na thamani ya fedha, haruhusiwi kunyamaza na kulipa: humtaka waziri ampe agizo kwa maandishi, na agizo hilo hufika kwa Mkaguzi Mkuu na kwa wabunge. Rycroft hakusema mpango utashindwa. Alisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba utawavunja watu moyo wasipande mashua, na faida yote ilitegemea hilo. Patel akamwagiza aendelee.

Tatizo lenyewe lilikuwa la kweli, na anayeliona kama kisingizio tu cha wanasiasa anakosea. Mwaka 2018 watu 299 walivuka kutoka Ufaransa kwa mashua ndogo. Mwaka 2022 walizidi 45,000. Novemba 2021 watu wasiopungua 27 walizama katika ajali moja. Wapiga kura walikuwa na haki ya kudai hatua, na serikali ilikuwa na wajibu wa kuichukua. Shaka yangu ni juu ya namna fedha zilivyotoka.

Hadi mwisho wa 2022 Rwanda ilikuwa imelipwa pauni milioni 140. Ndege ya kwanza, Juni mwaka huo, ilizuiwa dakika za mwisho kwa agizo la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Aprili 2023 zikalipwa pauni milioni 100 nyingine, huku kesi ikiwa bado mahakamani. Malipo hayo hayakutangazwa. Umma uliyajua Desemba 2023, wizara ilipowaandikia wenyeviti wa kamati mbili za Bunge. Mwezi mmoja kabla, Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwa kauli moja kwamba mpango haukuwa halali, kwa sababu waliopelekwa Rwanda wangeweza kurudishwa katika nchi walizozikimbia. Serikali ikatunga sheria ya kutamka kwamba Rwanda ni salama, na Aprili 2024 ikalipa milioni 50 zaidi. Jumla milioni 290.

Serikali inayoamini mpango wake haina sababu ya kukaa na hesabu yake kabatini miezi minane.

Zitazame tarehe. Mwishoni mwa Aprili 2024 mwombaji hifadhi mmoja aliyekataliwa aliondoka kwenda Kigali kwa hiari yake, kwa utaratibu mwingine kabisa uliompa hadi pauni 3,000. Habari zilitoka siku chache kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Rishi Sunak, Waziri Mkuu wakati huo, alikuwa ameahidi kuzikomesha mashua, chama chake kilikuwa nyuma sana katika kura za maoni, na Reform UK, chama cha mrengo wa kulia kinachopinga uhamiaji, kilikuwa kinamnyang'anya wapiga kura. Katika mazingira hayo ndege ikipaa ina thamani ya kura hata ikiwa na abiria mmoja. Mpango ulipofutwa Julai 2024 na serikali mpya ya Labour, waliokwenda walikuwa wanne, wote kwa hiari. Waziri mpya, Yvette Cooper, aliliambia Bunge gharama zote ni pauni milioni 700, zikiwamo za ndege zisizopaa na za watumishi zaidi ya 1,000 waliopewa kazi hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni upande wa pili wa daftari, ambao magazeti hayakuupa nafasi kubwa. Mwombaji hifadhi anapunguza gharama kwa njia mbili tu: akubaliwe aanze maisha, au akataliwe arudishwe. Njia zote mbili zinahitaji afisa wa kuamua. Lakini sheria ya Julai 2023 iliizuia wizara kumpa kibali cha kukaa aliyeingia kinyume cha utaratibu kuanzia Machi mwaka huo. Hakukubaliwa, na Rwanda hakupelekwa. Alilala hotelini kwa fedha za umma. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 hoteli peke yake zilikula karibu pauni bilioni 3.

Sehemu ya bili hiyo imetugusa hata sisi huku. Kanuni za kimataifa zinaruhusu nchi tajiri kuhesabu gharama za mwaka wa kwanza za kumtunza mwomba hifadhi ndani ya nchi yake kama msaada wa maendeleo. Mwaka 2023 Uingereza ilitumia hivyo pauni bilioni 4.3, zaidi ya robo ya msaada wake wote. Kilichoandikwa vitabuni kama msaada kwa nchi maskini kililipia vyumba na milo nchini Uingereza.

Labour nayo ipimwe kwa kipimo hicho hicho. Mwaka 2024 watu zaidi ya 36,000 walivuka, zaidi ya theluthi yao chini ya serikali ya zamani na karibu theluthi mbili chini ya mpya, na shinikizo la Reform UK halijapungua. Mimi ningeuliza kwanza maofisa wangapi wameajiriwa kuamua maombi, kila malipo yametangazwa lini, na mkataba unasema nini ukivunjika. Swali hilo la mwisho watu hulisahau. Labour ilipofuta mpango, msemaji wa serikali ya Rwanda alisema makubaliano hayakuwa na kipengele cha kurudisha fedha. Alikuwa anasoma karatasi ambayo Uingereza yenyewe iliisaini.

Barua ya Rycroft na jibu la Patel zilichapishwa siku chache tu baada ya tangazo la Lydd, na zipo kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Kila mbunge aliyeipigia kura sheria ya kutamka Rwanda ni salama, miaka miwili baadaye, alikuwa na nafasi ya kuzisoma.