Kabla ya kuchagua rangi ya pete ya ndoa, nionyeshe mikono

Jumamosi iliyopita walikuja karakanani kwangu, hapa Arusha jirani na Soko Kuu, wachumba wanaotarajia kufunga ndoa Septemba. Kaka anaongoza watalii Mlima Kilimanjaro, dada ni muuguzi. Hata hawajakaa, kaka akanipa simu nitazame picha: pete nyeusi ya tangsteni, inang'aa kama kioo, na muuzaji ameandika chini yake kwamba haikwaruziki. Dada naye alikuwa na lake. Alitaka dhahabu nyeupe, kwa sababu pete yake ya uchumba ni ya rangi hiyo na ina jiwe la tanzanaiti. "Fundi, tuambie ukweli," akasema, "ipi itadumu?"

Niliwaomba waweke mikono mezani. Ya kaka ina vifundo vikubwa vya vidole na sugu za fimbo za kupandia mlima. Ya dada imekauka kwa kunawa na dawa kutwa nzima. Hapo ndipo ninapoanzia siku zote. Rangi na bei vitafuata.

Kwa miaka yangu yote ya usonara, kuna jambo moja ninalotamani kila anayeoa alijue mapema: pete ya ndoa itarudi kwa fundi. Kidole cha miaka 25 si kidole cha miaka 50. Mama atabeba mimba na mikono itavimba. Pete itapinda kwenye mlango wa gari, italika upande wa chini, itahitaji kupanuliwa au kubanwa. Kwa hiyo swali kubwa si ipi ngumu kuliko zote. Swali ni ipi itakubali kufunguliwa, kulehemiwa na kufungwa tena bila kupoteza heshima yake.

Dhahabu inakubali. Ndiyo maana imedumu kwenye kazi hii.

Ila dhahabu ipi? Karati ni hesabu ya sehemu 24. Karati 24 ni dhahabu tupu, nzuri kwa kuweka akiba lakini laini mno kwa kuvaa. Ukibana ndoo ya maji mara chache pete imeshakuwa yai. Karati 22 wanaipenda sana kwenye bangili na vidani vya harusi, hasa familia za pwani na za Kihindi, na kwa kidani kinachovaliwa kwa sherehe sina neno. Kwa pete ya kila siku ninapendekeza karati 18, yaani sehemu 750 kwa 1,000, au karati 14, yaani 585. Zilizobaki ni fedha na shaba, na hizo ndizo zinazoipa pete ugumu. Shaba ikizidi, dhahabu huwa nyekundu. Fedha ikizidi, huelekea kwenye njano ya kufifia.

Kuna hesabu moja ambayo wauzaji wengi hawaisemi. Tuseme pete yako ya karati 18 ina uzito wa gramu 5. Ndani yake mna dhahabu halisi gramu 3.75. Pete hiyohiyo, umbo lilelile, ukiitengeneza kwa karati 9 itakuwa na karibu gramu 3.6 tu, maana mchanganyiko wake ni mwepesi, na dhahabu halisi haitafika gramu 1.5. Kwa macho zinalingana ukubwa. Basi ukiambiwa bei ya pete, uliza karati na uliza gramu, vyote viwili kwa pamoja. Chapa iliyogongwa ndani itakusaidia: 916 ni karati 22, 750 ni 18, 585 ni 14, 375 ni 9. Herufi GP zina maana kwamba pete ni ya kuchovya, dhahabu iko juu kama rangi ya ukuta.

Chapa hugongwa na mtu yeyote mwenye nyundo, kwa hiyo mimi napima kwa maji. Mizani yangu inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Napima pete ikiwa kavu, kisha naining'iniza kwa uzi ndani ya maji na kuona imepungua kiasi gani. Ya gramu 6.2 ikipungua 0.4, gawanya: unapata 15.5, yaani ni nzito mara 15.5 kuliko maji ya ujazo uleule, na hapo ndipo ilipo karati 18 ya njano. Ikipungua 0.72 unapata 8.6, na hiyo ni shaba iliyochanganywa na zinki. Siwezi kusahau sura ya mama mmoja aliyeleta pete ya marehemu mumewe kupima kwa njia hii. Ilikuwa ya kuchovya. Alinyamaza kidogo, akasema itabaki kidoleni vilevile, na mimi niliing'arisha bila kumtoza.

Sasa dhahabu nyeupe. Watu wengi hudhani ni madini mengine kabisa yanayochimbwa yakiwa meupe. Hapana. Ni dhahabu ileile iliyotiwa metali nyeupe, nikeli au paladiamu, mpaka njano ipauke, na mara nyingi hufunikwa juu kwa rodiamu, metali nyingine nyeupe, ili ing'ae kama kioo. Kwa Waislamu jambo hili lina uzito wake. Bwana harusi anayejizuia kuvaa dhahabu kwa ajili ya dini yake hajatoka kwenye dhahabu kwa kuvaa nyeupe. Namwambia waziwazi, na mara nyingi namtengenezea ya fedha.

Rodiamu huchakaa. Kwa mwenye mikono ya kazi, baada ya mwaka mmoja au miwili utaanza kuona umanjano au ukijivu upande wa kiganjani, na itabidi kuchovya upya. Hilo si kosa la fundi, ndiyo tabia yake. Kinachonisumbua zaidi ni nikeli. Kuna ngozi zisizoivumilia: kidole kinawasha, kinatoa upele, kinachubuka palepale pete ilipokaa. (Kabla ya kuilaumu nikeli, kwa siku kadhaa vua pete unapoosha vyombo, na uikaushe kabla ya kuivaa tena; sabuni iliyokwama chini ya pete nayo huleta upele unaofanana na huo.) Isitoshe, klorini huila dhahabu nyeupe ya nikeli polepole na kuifanya ipasuke, hasa kwenye vikucha vinavyoshika jiwe. Klorini iko kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe, kwenye mabwawa ya kuogelea, na kwenye maji ya kusafishia vifaa na sakafu za hospitali. Dada muuguzi alinielewa kabla sijamaliza sentensi. Kwake yeye nilisema dhahabu nyeupe iwe ya paladiamu, isichovywe rodiamu, iachwe na ukijivu wake wa asili. Ni ghali zaidi. Kwa mikono ile inastahili.

Tukiwa bado kwenye vinavyoila dhahabu, kuna zebaki. Kijana mmoja mchimbaji wa Geita aliwahi kuniletea pete ya njano iliyogeuka nyeupe nusu nzima, akidhani ametapeliwa. Pete ilikuwa halali. Alikuwa anaosha mchanga wa dhahabu kwa zebaki huku amevaa, na zebaki hushika dhahabu popote inapoikuta, haijali kama ni ya ardhini au ya harusini. Alitaka niichome moto irudi. Nilikataa, kwa sababu mvuke wa zebaki ni sumu na karakana yangu ni chumba kimoja. Ukifanya kazi hiyo, tafadhali, pete ibaki nyumbani, na wewe mwenyewe jikinge.

Platinamu nitaipitia haraka. Platinamu ni nyeupe kwa asili, haihitaji kuchovywa, ngozi huivumilia, na ikikwaruzwa hupoteza kidogo sana, kwani metali husogea tu pembeni. Lakini huyeyuka kwenye nyuzi 1,768 za Selsiasi ilhali dhahabu ni 1,064. Moto wa meza yangu haufiki huko, kwa hiyo naagiza, na ikihitaji kupanuliwa naituma. Pia ni nzito: ile pete ya gramu 5 ya karati 18 ingekuwa karibu gramu 6.6. Kama una fundi wa kuihudumia, ni chaguo la heshima. Kama huna, fikiria.

Fedha naipenda, na nasikitika inavyodharauliwa. Fedha ya 925, yaani sehemu 925 kwa 1,000 na nyingine shaba, inaweza kuwa pete ya ndoa nzuri kabisa. Italika mapema kuliko dhahabu, hivyo naifanya nene, angalau milimita 2. Itakuwa nyeusi, kwa sababu salfa iliyo hewani na kwenye jasho hushikana nayo. Weusi huo si uchafu wala si dalili ya wivu wa mtu, kama nilivyowahi kuulizwa. Pete isiyo na jiwe itandike juu ya karatasi ya foili ndani ya bakuli, nyunyizia kijiko cha magadi ya kuokea, mwagia maji ya moto, na weusi utahama. Wapo wateja wangu walioanza na fedha kwa sababu mahari na ukumbi vilimaliza kila kitu, na miaka kadhaa baadaye wakaja kuchukua dhahabu. Pete za fedha hawakuuza. Kabla ya pete, hata hivyo, nchi hii ilishakuwa na metali ya ndoa: angalia masikioni mwa mama wa Kimaasai aliyeolewa, yale mapambo ya shaba yaliyozungushwa kama konokono wanayoyaita isurutia.

Nirudi kwa tangsteni ya yule kaka. Kinachouzwa kwa jina hilo ni tangsteni kabaidi, yaani metali ya tangsteni iliyoungana na kaboni, na muuzaji hakudanganya: ni vigumu mno kuikwaruza. Uzito wake unakaribia karati 18, ndiyo maana ukiishika unahisi umeshika kitu cha thamani. Lakini haipindi, hupasuka. Haipanuliki hata robo ya namba. Siwezi kuilehemu. Na kuna ambazo chembe zake zimeshikanishwa kwa nikeli, kwa hiyo mwenye ngozi nyepesi aulize. Titani ni habari tofauti: nyepesi sana, karibu theluthi ya uzito wa karati 18, na mwili huikubali kiasi kwamba madaktari huitumia kuunga mifupa. Nayo pia haikai vizuri chini ya moto wangu.

Nikamuuliza, "Ukiwa juu kule, mikono yako hukaaje?" Akacheka: huvimba, hasa anapokaribia kambi za juu, kisha kileleni kwa baridi vidole vinanywea. Kilele hicho, Uhuru, kiko mita 5,895. Sasa pete isiyoachia kwenye kidole kinachovimba ni hatari, maana damu hukosa njia. Dhahabu naikata kwa kisu kidogo cha mviringo kwa dakika chache, na wiki inayofuata nairudisha nzima. Tangsteni huvunjwa kwa koleo la kubana, vipande vinabaki vipande. Titani inahitaji msumeno mgumu ambao si kila zahanati inao. Nilimshauri dhahabu ya njano ya karati 14, ngumu kidogo kuliko 18, iliyoviringwa upande wa ndani ili ipite kifundo bila kung'ang'ania, na akipanda mlima aivae shingoni kwa mkufu. Alikubali mkufu kwa shida kidogo, mchumba wake akamsaidia kukubali.

Tanzanaiti ndiyo iliyotuchukua muda mrefu. Jiwe hili lilijulikana 1967 kule Mererani, mwendo mfupi kutoka hapa, na halichimbwi mahali pengine popote duniani. Najivunia kulishika. Lakini ugumu wake ni kama 6 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho namba kubwa hukwaruza ndogo, na vumbi la barabara zetu lina chembe za kwatzi, madini ya mchanga, ambazo ni 7. Maana yake kila unapofuta jiwe kwa kitambaa kikavu unalisugua kwa msasa mwembamba. Lisuuze kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Mashine za kusafisha kwa mitetemo, usiliweke kabisa.

Na moto. Mengi ya mawe haya hutoka ardhini yakiwa ya kahawia na hupata bluu yake kwenye tanuri, taratibu. Moto wa kulehemu hauna taratibu. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilipanua pete bila kutoa jiwe, nikidhani kitambaa chenye maji kitalikinga. Nilisikia mlio mdogo kama wa kucha. Nililipa jiwe lile kwa miezi mitano, na mwenye pete hakuacha kuja kwangu, jambo ambalo mpaka leo namshukuru. Kwa hiyo fundi yeyote akitaka kulehemu pete yako ya tanzanaiti, muulize kwanza: jiwe unalitoa? Akisema hakuna haja, chukua pete yako.

Nikamwambia dada jiwe lake likae kwenye pete ya uchumba, lizungushiwe ukingo mzima wa dhahabu badala ya vikucha vinne, na livaliwe akitoka kazini. Ya ndoa iwe laini, bila jiwe wala mchoro wa kukusanya vijidudu.

Tulipofika kwenye kupima vidole nilimpima dada tu. Kaka alikuwa ameshuka mlimani siku moja kabla, na vidole vyake bado vilikuwa na uvimbe wa safari. Ningempima pale, pete ingemwanguka kwenye baridi ya Julai. Nimemwambia apumzike siku kadhaa, aje jioni, maana asubuhi vidole huwa vyembamba, na asije ametembea kwa miguu kutoka Sakina kwenye jua. Atakuja Alhamisi saa kumi na moja.