Wingi wa wanunuzi haushushi bei ya kitabu cha kidijitali

Kila muhula mpya unapokaribia, walimu wakuu, wakutubi na viongozi wa vyama vya wasomaji, kutoka Likoni hadi Kisauni hapa Mombasa, hunijia na mpango uleule: wameunganisha shule kadhaa, au wamekusanya majina ya wasomaji mia mbili, na sasa wanataka niwaandikie barua ya kumtaka mchapishaji ashushe bei ya kitabu fulani kwa sababu wao ni wengi. Kazi yangu ni kuwapangia wanunuzi wa pamoja zabuni za vitabu vya kidijitali, kwa hiyo siwezi kuwa mpinzani wa kuungana. Kinachonichosha ni imani kwamba idadi ya vichwa peke yake hushusha bei, na nimeieleza kasoro yake mara nyingi kiasi kwamba nimeona afadhali niiandike mahali pamoja.

"Tukiwa wengi, bei lazima ishuke"

Wanaosema hivi huniongezea methali, kwamba umoja ni nguvu, kisha hunikumbusha soko la Kongowea. Ni kweli kwamba wauza mboga wakichanga fedha na kununua lori zima la vitunguu, bei ya gunia hushuka. Lakini hushuka kwa sababu vitunguu huoza na mwenye lori ana haraka, kwa sababu lori jingine lenye vitunguu vya aina hiyohiyo limeegeshwa hatua chache kutoka hapo, na kwa sababu kuuza mzigo wote kwa mkupuo humwepusha na gharama ya kupima, kulinda na kulala sokoni. Faili ya kitabu haiozi, haihitaji mlinzi, na haki ya kuitoa imo mikononi mwa mchapishaji mmoja, ambaye hana jirani anayeuza kitabu kilekile.

Hapo huulizwa swali ambalo muulizaji huliona limenimaliza: ikiwa nakala ya ziada haimgharimu mchapishaji karibu chochote, si anaweza kupunguza bei bila hasara? Anaweza, lakini kuweza si kulazimika. Mchapishaji anayejua kwamba walimu wa shule zote hizo wameshakipanga kitabu chake katika masomo ya muhula ujao, na kwamba hawana kingine walichokiandaa, ataisoma barua yenye saini mia mbili kama taarifa kwamba kitabu kinatakiwa sana. Barua ya namna hiyo humpa sababu ya kuishikilia bei yake.

Kinachoshusha bei ni uwezo wa kundi kuondoka na kununua kitu kingine, ukiungwa mkono na fedha ambazo tayari zimekusanywa. Wingi husaidia pale tu unapoyatia nguvu mambo hayo mawili. Tazama yaliyotokea hapa Kenya katika vitabu vya karatasi. Kwa miaka mingi shule zilichagua zenyewe vitabu vya kiada kutoka katika orodha iliyoidhinishwa, yenye vitabu kadhaa kwa kila somo, na kila shule ikanunua kwa njia yake. Kuanzia Januari 2018 Wizara ya Elimu ilinunua moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji, kitabu kimoja kwa kila somo katika madarasa yaliyohusika, na bei ya nakala ikashuka sana. Wengi husema ni ukubwa wa oda uliofanya kazi hiyo. Ukubwa ulichangia, hasa kwa sababu uchapaji wa nakala nyingi kwa pamoja hupunguza gharama ya kila nakala, lakini kila mchapishaji alijua pia kwamba asiposhinda somo lake hatauza hata nakala moja katika oda hiyo. Serikali ilikuwa na vitabu vingine vya kuchagua, na ilishindanisha wauzaji kabla ya kuchagua. Kundi linalotaja jina la kitabu kabla ya kuzungumzia bei limeutupa ushindani huo baharini kwa hiari yake.

Mfano wa pili unahusu majarida ya kitaaluma, si vitabu, ila mantiki yake ni ileile. Chuo Kikuu cha California ni mnunuzi mkubwa mwenye kampasi 10, na ukubwa huo wote haukutosha kumlainisha Elsevier, mchapishaji mkubwa wa majarida hayo, mezani. Februari 2019 chuo hicho kiliachana na mazungumzo, kikakubali watafiti wake wakose makala mpya kwa njia ya kawaida, na mkataba mpya, unaoruhusu makala za watafiti wake zisomwe na kila mtu, ulitiwa saini Machi 2021. Nikiwauliza walimu wangu kama wako tayari kukaa hata muhula mmoja bila kitabu wanachokitaka, hunitazama kana kwamba nimewatukana. Basi kama hamko tayari kuondoka, msiite barua yenu zabuni, kwa maana hilo ni ombi, na maombi hujibiwa kwa huruma ya mwombwa.

Ipo njia moja ambayo ndani yake wingi wenyewe hupunguza kiasi anacholipa kila mmoja, na inafaa kujulikana vizuri kuliko inavyojulikana. Katika majaribio ya kwanza ya Knowledge Unlatched, mpango ulioanzishwa na Frances Pinter, wachapishaji 13 walitaja mapema jumla ya fedha wanazohitaji ili vitabu 28 vya kitaaluma viwekwe wazi kwa wasomaji wote duniani. Maktaba ziliambiwa kwamba zikifika 200, kila moja haitalipa zaidi ya dola 60 kwa kitabu, na kwamba zikizidi hapo mgawo utapungua. Mwaka 2014 zilikuwa zimejiunga 297 kutoka nchi 24, na mgawo ukashuka hadi chini kidogo ya dola 43 kwa kitabu. Angalia ni nini hasa kilichopungua. Wachapishaji walipata jumla yao kamili bila kukatwa, ila jumla hiyo iligawanywa kwa wengi zaidi, na kizingiti cha idadi kiliwazuia wale wanaopenda kungoja wenzao walipe kwanza. Kwa hiyo kundi lenu likitaka wingi wake uwe na maana, lisiombe punguzo la kila nakala. Limwombe mchapishaji ataje jumla moja kwa shule zote, bila kujali idadi ya wanafunzi, kisha mgawane wenyewe.

Ushauri wangu, ambao wengi huuona mkali, ni kwamba kundi lisiandike hata sentensi moja kwa mchapishaji kabla halijawa na orodha mbili za vitabu zinazoweza kufundishia kitu kilekile, kutoka kwa wachapishaji wawili tofauti, na walimu wawe wameikubali orodha ya pili kwa moyo, si kwa kuipigia kura ili mkutano uishe. Pili, fedha ziwe katika akaunti moja kabla ya barua kutoka, kwa sababu mkono mtupu haulambwi, na muuzaji mwenye uzoefu hujua tofauti kati ya shule zilizoahidi na shule zilizolipa. Tatu, muwe na bei ya juu kabisa mtakayoikubali, iliyoandikwa na kutiwa saini, na isijulikane na yeyote nje ya wajumbe. Nimeona makundi yakitangaza bajeti yao katika barua ya kwanza, kwa nia njema ya kuwa wazi, kisha yakashangaa bei iliporudi ikiwa imelingana na bajeti karibu hadi shilingi ya mwisho.

Nne, awepo msemaji mmoja tu. Shule kubwa ya Nyali ikipigiwa simu pembeni na kuahidiwa punguzo lake binafsi, mara nyingi hilo ni jaribio la kulivunja kundi, kwa kuwa likibaki na shule ndogo za Jomvu na Changamwe tu halina tena uzito wa kuondoka. Kanuni ya kugawana gharama huamua kama shule hiyo kubwa itabaki au itatoroka. Mkigawana sawasawa, ndogo zitalalamika. Mkigawana kwa idadi ya wanafunzi pekee, kubwa itaona inazibeba nyingine zote. Mimi huanza na sehemu isiyobadilika ambayo kila shule hulipa, halafu sehemu ya pili hufuata idadi ya wanafunzi, na jambo hilo huandikwa kabla bei haijajulikana, wakati bado hakuna anayejua atafaidika kiasi gani.

"Duka la mtandaoni litupunguzie, sisi ni wateja wake wa siku nyingi"

Vyama vya wasomaji ndivyo hupenda hoja hii. Kwa vitabu vya wachapishaji wakubwa wa kimataifa, duka kwa kawaida ni wakala tu: bei hupangwa na mchapishaji, na duka huchukua kamisheni yake. Mfumo huo ulienea mwaka 2010 Apple ilipoingia katika biashara ya vitabu, wakati Amazon ilikuwa ikiuza vitabu vingi vipya vinavyopendwa kwa dola 9.99. Ni kweli kwamba mahakama ya Marekani iliamua Julai 2013 kwamba Apple ilikula njama na wachapishaji kupandisha bei, lakini kilichoharamishwa ni njama, si uwakala wenyewe, na wachapishaji wakubwa walirudi kwenye uwakala kila mmoja kwa mkataba wake. Kulishawishi duka, basi, ni kubishana na karani kuhusu bei iliyowekwa na mwenye mali. Msomaji wa kawaida hana zabuni ya kuitoa hapo. Asubiri siku za ofa, au aazime maktabani.

"Tununue nakala moja, tuisambaze kwenye kundi la WhatsApp"

Hapana. Mnachonunua ni leseni, si kitabu cha kupeana kama kile cha karatasi, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inawahusu hata kama nia yenu ni elimu. Kama mnahitaji wasomaji wengi kwa wakati mmoja, ulizeni bei ya leseni ya wasomaji watatu au ya wasomaji wasio na kikomo. Mara nyingi leseni ya watatu haifiki bei ya leseni tatu za mtu mmojammoja, na hapo mtaokoa fedha bila kugombana na mtu. Ulizeni pia leseni hiyo huisha lini. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliamua kwamba nakala ya kidijitali inayouzwa kwa maktaba itakoma baada ya kuazimwa mara 26, na maktaba zilizozoea karatasi zilijikuta zikinunua upya kitabu ambacho kingekuwa bado kipo rafuni.

"Tumepewa vitabu maelfu kwa punguzo la asilimia themanini"

Asilimia themanini ya nini? Bei ya kuanzia ameiweka muuzaji mwenyewe, na ndani ya furushi hilo mna vitabu ambavyo hakuna mwalimu wenu atakayevifungua. Gawanyeni jumla kwa idadi ya vitabu vilivyomo katika orodha yenu ya mahitaji, si kwa vyote vilivyomo katika furushi, kisha mlinganishe na bei ya kuvinunua kimojakimoja. Nikifanya hesabu hiyo mbele ya kamati, kwa kawaida shangwe hupungua. Afadhali mkataba wa kufunguliwa mkusanyo mzima kwa mwaka mmoja kwa kiasi mlichokubaliana, kisha mwisho wa mwaka mchague vya kubaki navyo kwa kutazama vilivyosomwa kweli. Wachapishaji wengi wa vitabu vya kitaaluma wanao utaratibu huo, ingawa si wote watakaoutaja msipouliza.

"Bei tuliyokubaliana ndiyo tutakayolipa"

Vitabu vya kidijitali vinavyoletwa kutoka nje hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na bei nyingi hutajwa kwa dola ilhali karo hulipwa kwa shilingi. Kundi lililopanga bajeti kwa shilingi mwezi wa nane na kulipa mwezi wa kwanza huenda likakuta upungufu ambao hakuna shule inayotaka kuujazia. Wekeni akiba ya tofauti hiyo katika mchango wa awali, ombeni bei ibaki ileile kwa angalau siku 90, na kabla ya kutia saini someni kifungu kinachoeleza hatima ya vitabu shule moja ikijitoa katikati ya mwaka, kwa kuwa mikataba mingine huzitaka zilizobaki zilipe mgawo wa aliyeondoka.