Kuitwa usaili wa pili si kwamba kazi imeshapatikana

Watu wengi huamini kwamba ukiitwa usaili wa pili, kazi ni yako. Kilichobaki ni kukubaliana mshahara. Imani hiyo ina msingi, kwa kuwa wengi wamekwisha kuchujwa nawe umeonekana unafaa. Lakini hatua hii kwa kawaida huita zaidi ya mtu mmoja. Mkiwa watatu wenye sifa zinazolingana, nafasi yako ni kama moja kwa tatu.

Huna haja ya kubahatisha. Anayekupigia simu muulize: tumebaki wangapi, jopo litakuwa na nani, kuna jaribio la vitendo, majibu yatatoka lini? Ni maswali ya kawaida, hayamuudhi mtu. Kuombwa vyeti halisi na majina ya wadhamini ni dalili njema, ingawa waajiri wengine huwaomba wote.

Wengi huangukia kwenye kurudia majibu ya awali. Usaili wa kwanza hupima kama kazi unaiweza. Wa pili huuliza utaifanyaje. Mhasibu, kwa mfano, ataulizwa achukue hatua gani salio la kitabu cha fedha likipishana na taarifa ya benki. Andaa mifano mitatu ya kazi ulizofanya, yenye tarakimu. Kisha kokotoa mshahara baada ya kodi na michango ya hifadhi ya jamii: mtu hutaja kiasi anachotaka mkononi, mwajiri akakiandika kama mshahara ghafi, yaani kabla ya makato hayo, na hapo kurudi nyuma ni vigumu.