Virusi na Kongosho: Maswali ya Wazazi wa Moshi

Maswali haya huulizwa sana na wazazi hapa Moshi, hasa Juni na Julai, baridi inapokaza na mafua kuenea madarasani.

Mwanangu aliugua mafua, na wiki chache baadaye akakutwa na kisukari. Je, mafua ndiyo yaliyomletea?

Kwa kawaida mafua hukuta kazi imekwisha kuanza. Kisukari aina ya kwanza hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia seli za beta za kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, ambazo ndizo hutengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu, na mashambulizi hayo huweza kuendelea kimyakimya kwa miezi au miaka kabla ya dalili kujitokeza. Homa inapopanda, mwili hutoa kotisoli na adrenalini, homoni zinazoongeza sukari katika damu, na adrenalini yenyewe huzuia insulini isitoke. Kongosho lililokwisha kupoteza seli nyingi haliwezi kumudu mzigo huo.

Kwa hiyo virusi havihusiki kabisa na chanzo cha ugonjwa?

Baadhi vinashukiwa, tena kwa sababu nzito, hususan virusi vya koksaki B, ambavyo huingia mwilini zaidi kwa njia ya kinywa. Seli ya beta ina protini ambayo virusi hivyo huishika ili kupenya. Katika hali ya afya, glukosi, yaani sukari ya damu, ikiingia ndani ya seli na kuvunjwa, kalisiamu nayo huingia, kisha vifuko vyenye insulini humwaga shehena yake. Seli iliyovamiwa hulazimishwa kuzalisha virusi badala ya insulini, na kemikali za kinga zinazotolewa kupambana navyo hudhoofisha hata seli jirani ambazo hazijaambukizwa. Kibaya zaidi, vurugu hizo huweza kuifanya kinga izione seli za beta kuwa adui.

Mwaka 1979 watafiti wa Marekani waliripoti habari za mtoto wa miaka 10 aliyefariki kutokana na kisukari cha ghafla: virusi vya koksaki B4 vilipatikana katika kongosho lake, na panya waliodungwa virusi hivyo walipanda sukari. Hata hivyo, watoto wengi mno huambukizwa koksaki wakapona bila kisukari, kwani urithi nao una nafasi kubwa.

Virusi vya rubela ni hatari kwa namna nyingine: mtoto aliyeambukizwa akiwa tumboni huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari baadaye. Chanjo ya surua-rubela hutolewa nchini tangu 2014.

Dalili zipi zisipuuzwe baada ya homa?

Kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kupungua uzito, na mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani kurudia tena. Wazazi wengine huona sisimizi wakijaa mahali alipokojoa. Akianza kutapika na kuhema kwa kasi na kwa kina, hali hiyo hudhaniwa kwa urahisi kuwa malaria au nimonia. Ombeni apimwe sukari kwa tone la damu ya kidole siku hiyohiyo, kwa sababu kesho huenda ikawa amechelewa.

Mwenye kisukari akiugua mafua na kukataa kula, tumwachishe sindano?

Hapana. Insulini ya msingi, ile inayofanya kazi taratibu mchana na usiku, haikatizwi, kwani homa hupandisha sukari hata tumbo likiwa tupu. Mpimeni mara nyingi zaidi, mnyweshe maji, na kipimo cha dozi kirekebishwe kwa maelekezo ya kliniki yake. Akitapika mfululizo, apelekwe hospitali bila kusubiri.