Ukurasa wa Yaliyomo katika Jarida la Muziki: Inavyodhaniwa na Ilivyo

Ukianzisha jarida la muziki hapa Tabora, tuseme la kurasa 32 za A4, nguvu zote huishia kwenye jalada. Yaliyomo hubandikwa usiku wa mwisho, na dhana hizi huingia humo humo.

Dhana: Yaliyomo ni orodha ya kila kitu, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Hiyo ni kazi ya kitabu cha kiada. Anayelifungua jarida pale kibandani anatafuta sababu ya kulinunua. Gawa ukurasa mafungu mawili: makala kuu nne au tano, kila moja na kichwa na maelezo ya maneno 12 hadi 18, kisha zile za kila toleo (habari fupi, uhakiki wa albamu, ratiba ya maonyesho), kichwa na nambari basi. Matangazo hayaorodheshwi. Habari ya jalada ipewe nafasi kubwa kuliko zote hata ikiwa ukurasa wa 22, maana ndiyo iliyomvuta mtu.

Maelezo hayo mafupi msiyadharau. Kichwa "Kiko Kids" kinamtosha mzee wa Tabora. Kijana atadhani ni kikundi cha watoto. Mwambieni ni bendi ya dansi ya mji huu huu, iliyotamba kabla hajazaliwa.

Dhana: Nambari ikae kulia kabisa, ikiongozwa na vidoti.

Jicho likisafiri juu ya vidoti hupotea mstari. Weka nambari kushoto, ikigusana na kichwa chake, kwa ukubwa wa pointi 18 hadi 24. Maelezo yawe pointi 9, na pointi 12 toka mstari hadi mstari. Pambizo za milimita 15 kila upande zinaacha milimita 180 za upana. Toa nafasi mbili za milimita 5, utapata safu tatu za karibu milimita 57.

Dhana: Muziki una mbwembwe, basi fonti ziwe nyingi.

Mbili zinatosha. Uchangamfu uletwe na picha.

Dhana: Picha ikionekana safi kwenye simu, itachapika safi.

Hapa ndipo pesa hupotea. Picha ya upana wa sentimita 18, kwa pikseli (nukta za picha) 300 kila inchi, inahitaji pikseli 2,126 hivi. Iliyotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida mara nyingi hubaki na 1,600 upande mrefu, yaani sentimita 13 na nusu tu. Mwambie mpiga picha aitume kama dokumenti. Inayogusa ukingo wa karatasi izidishwe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, la sivyo kisu kikiyumba kidogo utabaki mchirizi mweupe. Usirudie picha ya jalada, na kila picha ibebe nambari ya ukurasa wake.

Maandishi meupe juu ya picha yenye giza ni mtego mwingine: rangi nne za wino wa uchapaji zisipokaa sawasawa, wino huziba herufi nyembamba. Tumia herufi nene, zisipungue pointi 9.

Dhana: Huu ndio ukurasa wa kuanza nao.

Utengee nafasi, uujaze mwisho. Jarida la kubanwa pini katikati huongezeka kwa kurasa nne nne, na tangazo moja la dakika za mwisho linasogeza makala zote zinazofuata. Jalada likihesabiwa kuwa ukurasa wa 1, yaliyomo hukaa vizuri ukurasa wa 3, upande wa kulia.

Chapa nakala moja steshenari kwa asilimia 100, bila kuruhusu mashine ipunguze ili itoshee karatasi. Kisha wawili wakae: mmoja asome nambari na kichwa, mwingine afungue ukurasa wenyewe. Akague nambari iliyochapwa chini ya ukurasa, siyo ile inayoonyeshwa na kompyuta, kwa sababu faili ya kurasa za ndani isiyo na jalada huanza kuhesabu 1 pale ambapo jarida linasema 3.