Picha ya juu ya ukurasa ndiyo inayochelewesha tovuti

Wenye nyumba za wageni wa Mikindani na Kilwa Masoko wanaoniletea tovuti zao kwa sababu hazifunguki upesi huulaumu mtandao kwanza. Mimi huanza kwa kuipima picha kubwa iliyo juu ya ukurasa, kwani mara nyingi uzito umo humo.

Picha ya kamera ya megapikseli 12 huwa na upana wa pikseli 4,000 na urefu wa 3,000 hivi, ilhali skrini za simu nyingi zina upana wa pikseli 720 hadi 1,080. Wengi hushusha ubora wa picha pasipo kugusa vipimo, wakaridhika kuona faili limetoka megabaiti 4 hadi 1. Hiyo ni nusu ya kazi. Ili kuionyesha picha, kwa kawaida kivinjari huikunjua yote katika kumbukumbu ya simu, ambamo kila pikseli huchukua takriban baiti 4. Pikseli milioni 12 hula megabaiti 48, hata faili likiwa dogo namna gani, na simu ya bei nafuu hulemewa. Ipunguze hadi 1,080 kwa 810, nayo itahitaji megabaiti 3.5 tu. Ndiyo maana nasisitiza vipimo vitangulie, kisha ubora, kisha uihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha iliyotolewa na Google mwaka 2010 na inayosomwa na vivinjari vyote vikuu vya leo.

Google hupima muda unaopita hadi kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kionekane, na kiwango kizuri ni sekunde 2.5 au pungufu. Kipimo hicho huchangia nafasi ya ukurasa katika matokeo ya utafutaji, ingawa maudhui yanayomjibu msomaji yana uzito zaidi, na simwahidi mteja nafasi ya kwanza kwa kasi peke yake. Agizo la kuchelewesha picha hadi msomaji azikaribie liwekwe kwa picha za chini tu. Likiwekwa kwa ile ya juu, huongeza subira palepale inapopimwa.

Faili nalo lipewe jina linaloeleweka, kama husuni-kubwa-kilwa-kisiwani, badala ya namba za kamera. Maandishi mbadala, yaani maelezo mafupi yanayoambatanishwa na picha ndani ya ukurasa, yaeleze kinachoonekana, kwa sababu huzisaidia mashine za utafutaji na pia husomwa kwa sauti kwa mtu asiyeona. Kurudiarudia humo maneno “hoteli nafuu Kilwa” hakumwelezi mtu huyo chochote, na Google huhesabu mtindo huo kuwa udanganyifu.