Uwanja wa ndege wa Louisville: tunayoambiana na yalivyo kweli

Mama mkubwa alipokuwa anakuja kututembelea Louisville, Marekani, kutoka Mwanza, alinitumia picha ya tikiti, roho iko juu. "Mwanangu, hawa wamenikosea. Mimi nakuja Louisville, wao wameandika SDF." Nikamwambia ndiyo hapo hapo, apande tu. Hakusadiki mpaka alipotokeza mlangoni akaniona, na kabla hata ya kumaliza kusalimiana akauliza: SDF ndiyo nini?

Ni herufi za kuutambulisha uwanja kwenye tikiti na lebo za mabegi, mabaki ya jina la zamani. Uwanja uliitwa Standiford Field, kwa jina la Elisha Standiford, daktari aliyegeuka mfanyabiashara na mbunge katika karne ya 19. Mwaka 2019 ukapewa jina la bondia Muhammad Ali, mtoto wa mji huu, lakini zile herufi tatu hazikuguswa. Kwa hiyo Wakongo wetu, ambao baba zao walipiga kelele za "Ali boma ye" kule Kinshasa mwaka 1974, wanatua kwenye uwanja wa Ali wakiwa na mabegi yenye lebo ya daktari wasiyemjua.

Louisville, jimbo la Kentucky, ni mji wa wastani. Ukienda kusini zaidi watakwambia huo ni mji wa kaskazini, ukivuka mto Ohio kwenda Indiana watakwambia ni wa kusini. Ugomvi huo siuingilii. Ninachojua ni kwamba Kiswahili hapa kinasikika: Wakongo, Warundi, Wasomali Wabantu, Wakenya, sisi Watanzania. Nyumba nyingi zina mtu aliyewahi kushika zamu ya usiku uwanjani, ndiyo maana habari za uwanja haziishi kwa kinyozi. Nyingi nilizimeza nzima nzima kwa miaka kabla sijaanza kuulizauliza.

"Ni uwanja wa kimataifa, kwa hiyo kuna ndege ya moja kwa moja hadi nyumbani"

Hakuna. Anayekwenda Nairobi, Dar au Bujumbura lazima aunganishe kwingine: Chicago, Atlanta, New York. Neno "kimataifa" liliingizwa kwenye jina la uwanja mwaka 1995, nalo halina maana kwamba abiria wanatawanyika dunia nzima kutokea hapa. Kinachotawanyika ni maboksi.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo yote mengine, ngoja nipakalie kidogo. Kwa abiria uwanja huu ni mdogo: hawafiki milioni 5 kwa mwaka, wakati Nashville, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, wamekwisha kupita milioni 20. Kwa mizigo mambo yanageuka. Mwaka 2021 zilipita hapa zaidi ya tani milioni 3, na kuuweka katika viwanja kumi vya kwanza duniani. Mchana ukipita unaona pametulia, ndege chache, teksi zinasinzia. Njoo saa tano usiku. Taa zinajipanga angani moja nyuma ya nyingine kama shanga kwenye uzi, na kila baada ya dakika moja au mbili moja inashuka. Chini, ndani ya jengo la UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, liitwalo Worldport, lililokamilika mwaka 2002 na kupanuliwa baadaye, mitambo ina uwezo wa kuchambua vifurushi 416,000 kwa saa. Binamu yangu kazi yake ilikuwa kutoa maboksi kwenye makontena ya ndege, yale yenye bega lililokatwa yapate kuenea kwenye tumbo la ndege, na kuyaweka kwenye mkanda, lebo ikitazama juu. Usiku kucha: lebo juu, lebo juu. Kabla ya mapambazuko ndege zote zimekwisha kupakiwa na kuondoka, na yeye anarudi nyumbani kulala katika chumba chenye blanketi lililopigiliwa misumari dirishani.

"UPS ni kampuni ya Louisville"

Nusu ya ukweli. Kampuni ilianzia Seattle mwaka 1907 na makao makuu yake yako Georgia, karibu na Atlanta. Kilichopo hapa ni shirika lake la ndege na kituo kikubwa cha kuchambulia. Walikuja na biashara ya kufikisha mzigo kwa usiku mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sababu ilikuwa ramani: kutoka hapa, sehemu kubwa ya watu wa Marekani inafikika kwa ndege ndani ya saa chache. Memphis ilikuwa imeshachukuliwa na mshindani wao FedEx tangu 1973 kwa hesabu hiyo hiyo.

"Zamu ya usiku ni ya sisi wahamiaji peke yetu"

Sivyo. Miaka ya 1990 kampuni ilikosa watu wa kufanya kazi saa hizo, na mwaka 1998 ikaanzishwa Metropolitan College: mwanafunzi anafanya kazi usiku, analipiwa ada ya chuo. Wenyeji wengi wa hapa wamesoma kwa njia hiyo, weusi kwa weupe. Mimi nawashauri vijana wetu waitumie, ila wasidanganyike kwamba darasa la saa tatu asubuhi baada ya zamu ni jambo dogo.

"Uwanja ulikuwepo kwanza, watu ndio waliousogelea"

Hii ndiyo inayoniudhi, maana husemwa kila mtu anapolalamikia kelele. Ina chembe ya ukweli. Uwanja ulijengwa na wahandisi wa jeshi mwaka 1941 kwenye ardhi ya kusini mwa mji ambayo mafuriko makubwa ya mto Ohio ya mwaka 1937 hayakuifikia. Nyumba ziliendelea kuongezeka kandokando.

Lakini kilichofuata kilikwenda kinyume: uwanja ndio uliowasogelea watu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulitangazwa mpango wa kujenga njia mbili mpya za kurukia zinazokwenda sambamba, ili ndege ziweze kutua mbili kwa wakati mmoja. Kwa abiria wa wakati ule hazikuhitajika. Aliyezihitaji ni mzigo wa usiku. Katika njia ya mradi palikuwa na mitaa yenye watu: Highland Park, Prestonia, Standiford yenyewe. Ilinunuliwa na kubomolewa, maelfu ya watu wakahamishwa, pamoja na maduka, gereji na makanisa yao. Walilipwa fidia, ndiyo. Fidia hulipa nyumba. Jirani wa miaka thelathini aliyekuwa anakushikia ufunguo haandikwi kwenye hati.

Mfano mmoja ulikwenda tofauti kidogo, na sijui kwa nini hausimuliwi zaidi. Minor Lane Heights ulikuwa mji mdogo wenye baraza lake, kusini mwa uwanja, chini kabisa ya ndege. Badala ya kila mmoja kuchukua hundi na kupotelea kwake, ikajengwa sehemu mpya iitwayo Heritage Creek, na waliopenda wakahamia huko pamoja na majirani zao na serikali yao ndogo. Hauponyi kila kitu, lakini ni kitu.

Na mji wenyewe una tabia hii tangu zamani. Miaka ya 1960, kwa jina la kuboresha mji, mtaa wa biashara wa Wamarekani weusi kwenye barabara ya Walnut ulibomolewa: maduka, vilabu vya muziki, ofisi. Mwaka 1978 barabara hiyo ikapewa jina la Muhammad Ali. Jina la heshima limefika, maduka hayapo.

"Meya angetaka, angepiga marufuku ndege za usiku kesho asubuhi"

Hana uwezo huo. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kelele za viwanja vya ndege, na tangu hapo uwanja kuweka saa za kufunga ni jambo gumu mno. Vinavyofunga usiku leo vingi viliwahi kuweka masharti yao kabla ya sheria hiyo. Anga na ruhusa za ndege ni mambo ya serikali kuu. Mamlaka ya uwanja, ambayo pia inasimamia uwanja mdogo wa Bowman Field, inaweza kufanya mambo ya pembeni: upepo ukiruhusu, usiku ndege huingilia kusini na kutokea kusini, zisipite juu ya katikati ya mji na chuo kikuu. Pia kuna mpango wa kuzibia nyumba sauti, kwa milango na madirisha mapya, kwa wanaoishi ndani ya mstari wa kelele uliopimwa. Kipimo chenyewe ni wastani wa siku nzima, na kila ndege inayopita kati ya saa nne usiku na saa moja asubuhi huongezewa desibeli 10, kana kwamba ilipiga kelele zaidi. Kiwango ni 65. Mtu mwenye 64 anasikia ndege ile ile, ila dirisha halipati.

Na mzigo wa kuishi karibu na uwanja hauishii kwenye kelele. Jioni ya tarehe 4 Novemba 2025 ndege ya mizigo ya UPS iliyokuwa inakwenda Honolulu ilianguka mara tu baada ya kuruka, kwenye eneo la viwanda kusini mwa uwanja. Wafanyakazi wake watatu walikufa, na watu waliokuwa chini, kwenye shughuli zao, walikufa pia. Usiku ule simu za Waswahili wa mji huu hazikulala: kila mmoja anahesabu wake walioko zamu.

"Jengo jipya la abiria linajengwa kwa kodi ya nyumba yangu"

Hapana, hata senti. Uwanja unajilipia: tozo za kutua zinazokwenda kwa uzito wa ndege (hapo ndege za mizigo ndizo mlipaji mzito), kodi za pango, maegesho, na ruzuku za serikali kuu zinazotokana na kodi za tikiti. Wewe unachangia ukisafiri: ndani ya bei ya tikiti kuna tozo ya uwanja isiyozidi dola 4.50 kwa kila unapopanda. Fedha hizo haziruhusiwi kujenga shule wala kufukia mashimo ya barabara, kwa hiyo ile kauli ya "wangezipeleka mtaani kwetu" nayo haifanyi kazi. Nilichokipenda zaidi katika ukarabati huu hakionekani: chini ya ardhi wamechimba mamia ya visima vya kupasha na kupoza jengo kwa joto la udongo.

"Tujenge malango mengi ya kupandia ndege, ndege zitakuja na nauli itashuka"

Nenda Cincinnati ukaone. Uwanja wao, ambao kusema kweli uko upande wa Kentucky, ulikuwa kituo kikuu cha shirika la ndege la Delta. Mwaka 2005 walipita abiria zaidi ya milioni 22. Delta ikaingia kwenye ufilisi, ikaungana na kampuni nyingine, ikapunguza safari, na kufika 2013 abiria walikuwa hawafiki milioni 6. Malango yalikuwepo, tena mazuri. Jengo zima la kupandia likafungwa, jingine likabomolewa. Uwanja umepona kwa kuleta mashirika ya ndege ya bei nafuu, pamoja na mizigo ya DHL na Amazon. Nashville nao waliwahi kuwa kituo cha American Airlines kuanzia 1986, wakaachwa katika miaka ya 1990, na walikua zaidi baada ya kuachwa kuliko walipokuwa wamekumbatiwa.

Tangu 1978 serikali haipangi nauli wala njia. Kampuni ya ndege inaangalia kama viti vitajaa, basi. Uwanja unaweza kusamehe tozo za kutua kwa muda na kusaidia kutangaza safari mpya. Louisville ina tatizo jingine: viwanja vya Cincinnati, Indianapolis na Nashville viko mwendo wa gari, na watu wetu wanakwenda huko kufuata bei. Mimi mwenyewe nilikwenda Cincinnati kuokoa dola 90. Mafuta, maegesho ya wiki mbili, na chakula cha njiani vikala zote, na juu yake nikaendesha gari saa saba usiku nikipiga miayo. Kila anayefanya hivyo anaandikwa kama abiria wa kule, kisha tunashangaa kwa nini hapa safari haziongezwi.

"Watu wa mji huu wameongezeka mara mbili tangu mwaka 2000"

Hii na inayofuata si za uwanja, ila nazo haziishi kwa kinyozi. Sensa ya 2000 ilisema 256,231. Ya 2020 ikasema 633,045. Mtu akikuonyesha namba hizo mbili, muulize kuhusu Januari 2003. Ndipo mji na wilaya ya Jefferson vilipounganishwa kuwa serikali moja, na watu walioamka siku hiyo wakiwa wakazi wa Louisville walikuwa wamelala kwenye vitanda vile vile. Eneo hili linakua, ila polepole, na sehemu ya ukuaji huo ni sisi tuliotoka nje.

"Daraja jipya litamaliza foleni"

Foleni kwenye madaraja ya katikati ya mji ilipungua kweli, lakini daraja si sababu peke yake. Mwishoni mwa 2016, madaraja mapya ya mto Ohio yalipokamilika, wakaanza kutoza ada, na magari kwenye barabara kuu ya I-65 yakapungua sana. Mengine yalikwenda kwenye madaraja ya bure. Jirani yangu anafanya kazi kwenye ghala upande wa Indiana. Kila alfajiri anazunguka kupitia daraja la zamani la Second Street, ambalo mpaka leo halilipiwi. Nilimwambia anapoteza dakika kumi na tano. "Kaka," akanijibu, "dakika ninazo."